Range Rover Sport ya 2008 kwa milioni 32: ninunue au niache?

"Habari mtaalamu. Naendesha Toyota IST mwaka wa sita sasa, naishi Goba na kazi yangu iko Posta. Nimejichanga nikafikisha milioni 38. Kuna Range Rover Sport ya 2008, dizeli 2.7, inauzwa na mtu wa Mbezi Beach kwa milioni 32, dalali anasema bei inapungua kidogo. Ni namba D, dashibodi inasoma 118,000, rangi safi, ngozi ya viti haijachanika. Kasoro aliyoisema mwenyewe ni kwamba ikilala usiku, asubuhi mbele inakuwa imekaa chini, ila ikiwashwa inanyanyuka. Dalali anasema hilo si tatizo, nikichoka nitoe shokapu za upepo niweke springi, na kwamba injini ya dizeli haifi. Giaboksi nayo eti oili yake haibadilishwi maisha yote. Mke wangu ana hofu, anasema bora Prado hata kama ni ya zamani zaidi. Ninunue au niache? Na nikiichukua nianze na nini?"

Ndugu yangu, ukiyaweka kando maneno ya dalali, unachouliza hasa ni kama milioni 38 zinatosha kulimiliki gari hili, maana kulinunua zinatosha na chenji inabaki. Kwa bei ya milioni 32, jibu langu ni hapana. Bei ikishuka na gari likapita ukaguzi nitakaoueleza hapa chini, linaweza kuwa gari zuri la familia kwa miaka kadhaa. Lakini karibu kila ulichoambiwa kina walakini, kwa hiyo tuanze hapo.

Tuanze na ile 118,000. Range Rover Sport za dizeli za miaka hiyo zilizopo Dar nyingi asili yake ni Uingereza, kwa sababu zilizouzwa Japani zilikuwa za petroli, V8. Gari la Uingereza linahesabu maili. Itazame dashibodi kwa utulivu: kama namba kubwa kwenye duara la spidi ni za mph na zile ndogo ndizo km/h, basi umeonyeshwa maili 118,000, ambazo ni kilometa 190,000 hivi. Kilometa 190,000 hazilifanyi gari kuwa bovu. Maana yake ni kwamba matengenezo yake yote makubwa yameshafika zamu, na mpaka sasa hakuna aliyekuambia kama yalifanyika.

Uzuri wa gari la Uingereza ni kwamba historia yake inapatikana bure. Kule gari likifikisha miaka 3 linaanza kupimwa kila mwaka, kipimo kinachoitwa MOT, na serikali yao ina tovuti ambayo ukiingiza namba ya usajili ya kule unaona maili zilizosomwa kila mwaka pamoja na kasoro alizoziandika mkaguzi. Muombe muuzaji hati ya zamani ya usajili wa Uingereza, V5C, au nyaraka za forodha zenye namba hiyo. Kama kipimo cha mwisho kabla ya kusafirishwa kilisoma 112,000, na gari limekaa hapa mjini miaka na miaka likiwa limeongeza maili 6,000 tu, basi ama lilikuwa limeegeshwa muda mrefu ama kuna mtu alizirudisha nyuma. Yote mawili yanahitaji maelezo ya kuridhisha.

Namba D nayo isikutie moyo wala isikukatishe tamaa. Herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani. Haisemi lilitengenezwa lini, wala limetunzwaje. Mwaka wa modeli unausoma kwenye namba ya chesisi, ile ya tarakimu na herufi 17 inayoonekana chini ya kioo cha mbele: alama ya 10 ikiwa 8 ni modeli ya 2008, ikiwa 7 ni ya 2007. Ukiwa hapo, linganisha namba yote na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Sasa injini, na hapa naomba usome polepole. Msemo wa "dizeli haifi" ulitokana na dizeli za zamani za Land Cruiser na pikapu, injini nzito zisizokamuliwa nguvu nyingi, zenye pampu ya kawaida ya mafuta. Hii TDV6 ya 2.7 ni kitu kingine. Ni V6 yenye tabo iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Ford na Peugeot Citroën, inatoa nguvu farasi 190 na msokoto wa Nm 440, na inalisukuma gari la karibu tani 2 na nusu. Ikiwa nzima ni injini tulivu na tamu kuendesha. Udhaifu wake mkubwa uko chini kabisa, kwenye krenkishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Beringi moja ikikosa oili ya kutosha, au oili ikiwa imechoka na kupoteza unene, inashika na kuanza kuzunguka mahali ambapo haikupaswa kuzunguka. Ikishazunguka inaziba tundu la oili, joto linapanda, na krenki inakatika. Hilo linaweza kutokea gari likiwa barabarani, bila moshi wala taa kuwaka kabla. Injini iliyofika hapo huitengenezi kwa bei ya maana. Unatafuta injini nyingine ya mtumba, ambayo nayo hujui ilikotoka.

Nitakuwa mkweli kwako: hakuna kipimo kinachoweza kukuhakikishia kwamba krenki ya gari fulani haitakatika. Unachoweza kukipima ni namna ilivyotunzwa oili. Ratiba ya kule iliruhusu oili kukaa hadi maili 15,000, na kwa maoni yangu huo ndio mwanzo wa matatizo mengi ya injini hizi. Kwa foleni zetu ni mbaya zaidi, kwa sababu kutoka Goba hadi Posta asubuhi injini inaweza kuzunguka saa nzima na zaidi huku kilometa zikiongezeka chache. Oili inachoka kwa saa za kuwaka na kwa joto, dashibodi inahesabu umbali tu. Kwa matumizi ya Dar oili ibadilishwe kila kilometa 8,000 au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Iwe 5W-30 yenye kibali cha Ford WSS-M2C913 kilichoandikwa kwenye dumu. Kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, litahitaji oili ya majivu machache, kwa hiyo fundi ahakikishe kwanza. Muulize muuzaji anabadilisha oili wapi, aina gani, kila baada ya muda gani. Akikujibu "fundi wangu ndiye anajua", mpigie fundi huyo mbele yake.

Jambo la pili kwenye injini ni mikanda. TDV6 ina mikanda miwili: wa mbele ni taiming belti unaoendesha kamshafti, yaani shafti zinazofungua valvu, na mwingine mfupi uko nyuma ya injini, unaendesha pampu ya mafuta ya presha kubwa. Huu wa nyuma mafundi wengi wanausahau kwa sababu hauonekani ukifungua boneti. Muda wake kwa ratiba ya Uingereza ni maili 105,000 au miaka 7, na hesabu ya miaka ina uzito sawa na ya maili, maana mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama. Gari lako limeshapita miaka hiyo, na kama dashibodi inasoma maili, limepita vyote viwili. Ukikatika wa mbele, valvu zinakutana na pistoni, na injini imekwisha. Ukikatika wa nyuma gari linazima hapohapo, pengine katikati ya Bagamoyo Road.

Kuna kitu kimoja zaidi hapo mbele. Tenshona, ile roda inayoukaza mkanda, imefungwa kwenye mwili wa pampu ya oili, na pampu za mwanzo zilikuwa na ukuta mwembamba mahali hapo. Zinapasuka, tenshona inalegea, mkanda unaruka meno. Pampu mpya iliyoimarishwa ipo, na mtu mwenye busara huiweka wakati uleule anapobadilisha mkanda, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Kwa hiyo ukiambiwa "mkanda ulibadilishwa", maswali yanabaki matatu: lini, na wa nyuma je, na pampu ya oili je? Pasipokuwa na risiti, hesabu kwamba havikufanyika, na gharama yake ipunguze kwenye bei.

Giaboksi ni ZF 6HP26, ya gia 6, na ni giaboksi imara. Waliosema oili yake ni ya maisha yote ni watengenezaji wa magari. ZF wenyewe, walioitengeneza giaboksi, wanashauri oili na filta vibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, au miaka 8. Oili hii ndiyo inayobana klachi za ndani, inapoza, na inapita kwenye valvu ndogo mno za umeme. Ikijaa vumbi la klachi, valvu zinashikwa, na gia zinaanza kuingia kwa mshtuko. Dalili unayoweza kuisikia mwenyewe ni hii: ukienda spidi ya 60 hadi 80 kwa mguu mwepesi, gari linatetemeka kidogo kana kwamba unapita kwenye matuta madogo ya rasta, kisha linatulia ukikanyaga zaidi. Hiyo ni toki konveta, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Ikiwa changa, kubadilisha oili husaidia mara nyingi. Ikikomaa, haisaidii. Filta iko ndani ya sampu ya plastiki, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, vinabadilishwa pamoja, na oili ni Lifeguard 6 ya ZF au inayolingana nayo kabisa. Kiwango hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Fundi anayejaza gari likiwa limezimwa, kisha akafunga, ameliacha giaboksi na oili pungufu.

Tuje kwenye lile la kukaa chini usiku, ambalo muuzaji amelisema kwa uaminifu na dalali amelidharau. Kila gurudumu lina puto la mpira lililojaa upepo badala ya springi ya chuma. Kompresa moja inajaza upepo, valvu zinaugawa, na sensa kwenye kila pembe zinaiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani. Mpira wa puto hujikunja mahali palepale kila gari linapopanda na kushuka. Baada ya miaka mingi unapata nyufa ndogo, na upepo unatoka kidogo kidogo. Gari likiwa limeegeshwa, kompyuta huamka kila baada ya muda na kulisawazisha kwa kuzishusha pembe nyingine zifuate iliyoshuka, ndiyo maana puto moja linalovuja linaweza kuonekana kama mbele yote imelala.

Hatari iko kwenye kompresa. Puto likivuja, kompresa inawaka mara nyingi na kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, inapata joto, ringi zake zinakwisha. Wakati huohuo kikausha unyevu kilicho ndani yake kinalowa, na unyevu wa Dar unaujua mwenyewe, kisha maji yanaingia kwenye valvu na kuzila. Siku ikigoma, gari linakaa chini na taa ya njano, na mtu anakimbilia kununua kompresa mpya bila kuziba pale panapovuja. Hiyo mpya nayo inakufa njia ileile. Utaratibu ni kuziba kwanza, kompresa baadaye. Magari ya miaka hiyo yalitoka na kompresa ya Hitachi. Inayowekwa sasa ni AMK, ambayo inahitaji programu ya gari isasishwe ili ziongee.

Kupima ni rahisi. Chukua futi ya fundi cherehani. Jioni, gari likiwa kwenye sakafu tambarare na katika kimo cha kawaida, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, andika. Asubuhi kabla halijawashwa wala kufunguliwa mlango, pima tena. Pembe ikishuka zaidi ya sentimeta 2 kwa usiku mmoja, panavuja. Kisha liwashwe, lipandishwe hadi kimo cha juu kabisa, na maji ya sabuni yapulizwe kwenye puto na maungio ya mirija. Povu litakuonyesha penyewe. Maputo yakiwa ya umri mmoja, badilisha mawili ya mbele kwa pamoja. Kubadilisha moja ni kununua usumbufu wa miezi michache ijayo.

Kuhusu kuweka springi: inawezekana, kuna seti zilizotengenezwa kwa gari hili hasa, na sitamlaumu mtu anayezitumia. Lakini unapoteza uwezo wa kulinyanyua, ambao kwa vichochoro vya Goba wakati wa masika ndio faida kubwa ya gari lenyewe, na kompyuta lazima ielezwe kwamba mfumo umeondolewa, la sivyo taa haitazimika. Ninachokukataza kabisa ni springi za gari jingine zilizokatwa kwa kukadiria urefu. Gari zito namna hii lenye springi zisizolingana linayumba ukikata kona kwa kasi, na mfumo wa kuzuia gari kuteleza unafanya kazi kwa hesabu zisizo sahihi.

Sasa siku ya kukagua. Mwambie muuzaji mapema kwamba utafika asubuhi na gari lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono kwenye boneti. Kama kuna joto, ahirisha. Gari likiwashwa likiwa baridi ndipo linasema kweli. Sikiliza sekunde 10 za mwanzo: mlio mkavu wa dizeli ni kawaida, mgongo (mlio wa kugonga) mzito wa chini unaofuata mzunguko wa injini si wa kawaida, na ukiusikia ondoka hata kama bei imeshuka nusu. Moshi mweusi unapokanyaga unaelekeza kwenye mipira ya intakula (kipoza hewa ya tabo) iliyopasuka au valvu za EGR, zinazorudisha moshi kwenye injini, zilizoganda kwa masizi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mara nyingi kwenye tabo. Moshi mweupe usioisha injini ikishapata joto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Endesha dakika 40 au zaidi, uwe na foleni kidogo na barabara ya wazi kidogo, kisha ligeuze kwenye njia mbovu. Usikilize mlio wa kugonga mbele: bushi za mikono ya chini zinaisha haraka kwenye barabara zetu, na tairi za mbele zilizoliwa upande wa ndani zinathibitisha. Vuta hendibreki ya umeme mara tatu. Ikilia kama chuma kinakwanguliwa, haijarekebishwa siku nyingi, na ikiachwa hivyo inakata kebo zake. Acha kiyoyozi kikiwaka muda wote na injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa, uone kama sindano ya joto inapanda.

Baada ya hapo ndipo gari lipimwe kwa kompyuta, na sizungumzii kile kifaa kidogo cha kuchomeka kinachosoma injini tu. Gari hili lina kompyuta nyingi: ya giaboksi, ya shokapu, ya hendibreki, ya breki. Kinachoweza kuzisoma zote ni mashine inayoijua Land Rover, kama SDD ya kiwandani au GAP IIDTool. Kama kumbukumbu ya makosa ni tupu kabisa kwenye gari la umri huu, inaelekea ilifutwa asubuhi hiyohiyo. Ndiyo maana unapima baada ya kuendesha. Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, pima betri kwanza: ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.7. Betri dhaifu inalifanya gari hili lilalamikie vitu ambavyo ni vizima, na watu wametoa pesa nyingi kutengeneza visivyoharibika.

Usisahau maji. Inua mazulia ya miguu, bonyeza kwa kiganja. Mifereji ya sanrufu ikiziba, maji ya mvua yanateremka kwenye nguzo za kioo na kuingia ndani, na boksi la fyuzi liko jirani, nyuma ya droo ya dashibodi. Kwa jiji lenye Jangwani, swali la mafuriko nalo ni halali: vuta mikanda ya viti yote hadi mwisho uone kama kuna mstari wa tope, na mulika tochi kwenye reli za viti. Kutu hapo, na huku sehemu nyingine za ndani ni safi, ina sababu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa injini hii kinahitaji ruhusa ya muuzaji na gharama yake ni ndogo: badilisheni oili kwa gharama yako, na filta ya zamani ikatwe. Karatasi yake ikunjuliwe juani, ibanwe oili itoke. Masizi meusi ni ya kawaida. Ukiona vipande vidogo vinavyometa kama pambo, rangi ya fedha au shaba, hizo ni beringi zinaliwa. Hapo hakuna mjadala tena, hata wa bei. Kazi hii na ya kupima kwa kompyuta sipendi uifanye peke yako. Tafuta fundi ambaye Land Rover ndiyo kazi yake ya kila siku, asiyefahamiana na dalali, na umlipe wewe mwenyewe.

Karatasi nitazigusa kwa kifupi. Kadi halisi iwe mkononi mwa muuzaji, isiwe dhamana ya mkopo mahali, jina lake lilingane na kitambulisho, mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA mara moja. Angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho kwa namba ya gari kabla hujalipa hata shilingi ya kuonyesha nia. Kwa gari lililotoka Uingereza omba pia nyaraka za kuingizwa nchini, na namba ya chesisi isiwe na dalili ya kuchokolewa.

Turudi kwenye pesa. Gari linaposhuka bei, spea zake hazishuki nalo. Mikono, kompresa na tabo za gari hili ziliwekewa bei kwa ajili ya mtu aliyelinunua likiwa jipya, na wewe ndiye utakayezilipia. Kabla hujajadiliana, andika orodha hii: seti ya mikanda yote miwili pamoja na pampu ya oili, sampu ya giaboksi na oili yake, maputo mawili ya mbele, kompresa, mikono ya chini ya mbele, betri. Nenda nayo Kariakoo na Ilala, uliza maduka matatu, andika bei kando ya kila kitu, ya mpya yenye jina na ya mtumba tofauti. Mikanda, tenshona na maputo usinunue ya mtumba hata kidogo. Mikono ya chini ya Lemförder inadumu kuliko zile zisizo na jina, ila kagua boksi na maandishi kwenye chuma, bandia ni nyingi. Jumlisha, ongeza ufundi. Jumla hiyo ndiyo unayoipeleka mezani kwa muuzaji.

Kwa makadirio yangu, katika milioni 38 zako, 10 hadi 12 zibaki benki kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Hiyo inaacha milioni 26 za kununulia, na 27 ikiwa risiti za mikanda zipo. Dalali atasema haiwezekani. Dizeli za V6 zenye kasoro ya shokapu hazina wanunuzi wengi, mpe muda. Na mafuta uyahesabu: mjini tegemea kilometa 7 hadi 8 kwa lita, pungufu foleni ikikaza. IST imekuzoesha takriban mara mbili ya hapo.

Mke wako ana hoja, na uzito wake ni mkubwa. Prado 120 ya petroli 2.7 haina maputo kwenye matoleo mengi, taiming yake ni ya cheni, spea zake zipo kila kona na fundi yeyote anaijua. Kwa bajeti yako utapata iliyotumika sana, itakuwa nzito kupanda mlima, na ndani haitakupa raha unayoiona kwenye hiyo Range. Lakini inashika bei, na hitilafu zake hazikushtukizi. Ikaguliwe chesisi kwa kutu, hasa nyuma. Kama gari ndilo pekee mtakalokuwa nalo nyumbani na siku likilala gereji watoto hawana usafiri, mimi namuunga mkono yeye.

Ukitaka raha bila ugonjwa wa krenki, Range Rover Sport ya petroli V8 ya 4.4 ni injini imara zaidi, ya cheni, ila kwenye foleni ni kilometa 4 hadi 5 kwa lita. Discovery 3 ya dizeli ni injini ileile, giaboksi ileile na, kwa nyingi, mfumo uleule wa maputo, kwa hiyo usidhani unakimbia. BMW X5 ya 3.0si ina pampu ya maji ya umeme inayokufa ghafla, na V8 zake za 4.8 huishia kutoa moshi wa bluu. Mercedes ML350 ya 2006 au 2007 uliza namba ya injini: M272 yenye tarakimu 6 za mwisho chini ya 468993 ina gia laini ya balansi shafti (shafti ya kupunguza mtetemo), na kuibadilisha kunataka injini ishushwe.

Ukilichukua hilo la Mbezi Beach kwa bei inayokubalika, wiki ya kwanza ni mikanda yote miwili, pampu ya oili, oili ya injini na filta zote ikiwemo ya dizeli. Usisafiri nalo mkoani kabla ya hapo. Mwezi wa kwanza ni maputo ya mbele na kuziba panapovuja, kisha kompresa ipimwe ndipo uamue. Mwezi wa pili giaboksi. Baada ya kilometa 3,000 badilisha oili ya injini tena, hata kama bado inaonekana safi, na filta hiyo nayo ikatwe na kukunjuliwa kama ile ya kwanza. IST usiiuze mpaka ukaona karatasi ya filta ya pili.